Sukari Si Kimea, Ndugu Yangu

Toleo lililopita la jarida hili nililisoma lote, mashairi, hadithi, mpaka barua za wasomaji. Nikafika kwenye makala ya ndugu yetu mmoja aliyetufundisha namna ya kujipikia bia nyumbani, na hapo nikakwama. Si kwamba Kiswahili chake kilinishinda. Kiswahili chake kitamu, anajua kupanga maneno, na alipoeleza povu linavyopanda kwenye glasi hata mimi nilimeza mate. Nilikwama kwenye mstari mmoja tu. Pale mapishi yake yanapotaka kopo la rojo la kimea, kilo 1.5, alituambia aliyekosa kopo asihangaike: atie chupa nne za soda ya kimea, au atie sukari kwa uzito uleule, kwani vyote ni vitamu na hamira haichagui.

Hamira haichagui! Jamani, hiyo ni sentensi ya kuzugia watu. Hamira kweli haichagui, lakini anayekunywa anachagua, na tumbo lake linachagua zaidi.

Ningeweza kunyamaza. Mshikaji mmoja kijiweni aliniuliza, wewe si unaandika riwaya, ya pombe yanakuhusu nini? Yananihusu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa la komoni la shangazi yangu, na pipa moja kati ya hayo liliharibika kwa ushauri wa aina hiihii. Aliyetoa ushauri huo alikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza tuwekane sawa juu ya maneno, maana ugomvi wote huu umezaliwa na neno moja, kimea, lililotumiwa ovyo.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa kisha ikakatizwa njiani. Unaloweka ulezi usiku kucha, unauchuja, unaufunika kwenye gunia lenye unyevu, na baada ya siku mbili tatu unaona vijimkia vyeupe. Hapo unauanika juani, ukikauka unausaga. Wazungu wanafanya vivyo hivyo kwa shayiri, ila wao hukausha kwa tanuri. Sasa ndani ya mbegu kunatokea nini? Mbegu inapoota inajiandaa kuulisha mche. Akiba yake ni wanga, na mche hauwezi kuula wanga ulivyo, kwa hiyo mbegu inatengeneza vimeng'enya, yaani vitu vinavyoukata wanga vipande vipande mpaka unakuwa sukari. Mpika pombe anaiwahi mbegu hapohapo: mkasi umeshanolewa na kitambaa bado hakijakatwa.

Rojo la kimea ni hatua ya mbele. Kiwandani wanachanganya kimea cha shayiri na maji moto, mkasi unafanya kazi yake, wanga unageuka sukari, wanachuja mchuzi mtamu, halafu wanapunguza maji yake kwa joto mpaka unabaki mzito kama asali. Ukikaushwa zaidi unakuwa unga. Hakuna uchawi mwingine ndani ya kopo. Katika rojo hilo sehemu kama nne kwa tano ni sukari za kimea na vitu vingine vya nafaka, sehemu iliyobaki ni maji.

Makopo haya yana historia yake. Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, rojo la kimea liliendelea kuuzwa madukani kama kitu cha kuokea mikate, na wengi walijua mikate hiyo inanywewa kwa glasi. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa wapikao bia nyumbani mwaka 1963, na kopo likawa njia ya mkato ya watu wasio na nafasi: rojo kilo 1.5 au zaidi kidogo, sukari kilo 1, maji mpaka lita 23 hivi, hamira, basi. Mapishi ya ndugu yetu yametoka huko na sioni kosa. Kosa ni kuyabadilisha bila kuuliza kwanza kopo lilikuwa linafanya kazi gani.

Twende kwenye hesabu, ingawa wengi wetu hapa tuliikimbia tangu kidato cha pili.

Rojo kilo 1.5 lina kama kilo 1.2 za vitu vya nafaka. Soda ya kimea, kama lebo yake inasema gramu 12 za sukari kwa kila mililita 100, ni maji yaliyobaki yote. Chupa nne za mililita 330 zitakupa gramu 160 hivi. Kufikisha kilo 1.2 unahitaji lita 10, yaani chupa 30. Chupa thelathini, ndugu yangu, si nne! Na kwa bei ya chupa 30 ungeenda baa ukanywa bia iliyokwisha pikwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Tena soda nyingine zimetiwa dawa ya kuzuia kuchachuka. Unachukua kitu kilichowekewa dawa kisichachuke, unakitia kwenye pipa ili kichachuke. Halafu povu lisipopanda tutasema nyumba ina mkono wa mtu.

Aliyekosa rojo na ana unga wa rojo, hapo mabadiliko ni halali na ni rahisi: kilo 1 ya unga inasimama mahali pa kilo 1.2 za rojo, kwa hiyo kilo 1.5 za rojo ni kilo 1.25 za unga. Aliyekosa vyote viwili na ana kimea chenyewe cha shayiri kilichosagwa, achukue kama kilo 2, akiloweke kwenye maji ya joto la nyuzi 65 hivi kwa saa nzima, achuje, atumie mchuzi. Hivyo ndivyo kopo linavyotengenezwa. Hayo ndiyo niliyoyatafuta kwenye makala nisiyaone.

Na sukari? Sukari inakubalika kidogo, kama Waingereza walivyokuwa wakiongezea kilo 1. Lakini kuitia mahali pa kimea chote ni jambo jingine. Sukari ya dukani hamira inaila karibu yote. Inageuka kilevi na hewa, haibaki kitu. Rojo la kimea hamira hailimalizi: robo hadi theluthi ya vitu vyake hubaki kwenye bia, na hayo mabaki ndiyo yanayoipa bia uzito mdomoni. Kimea pia kina vitu vya protini ambavyo hamira yenyewe inavihitaji ikue vizuri na ambavyo vinalishika povu. Sukari haina hata kimoja. Kwa hiyo ukitia sukari tupu unapata maji makali, mepesi kama suruali ya mtumba iliyofuliwa mara mia. Utalewa, ndiyo. Kama lengo ni kulewa tu, kwa nini ulituandikia kurasa tatu?

Ila hayo yote bado ni mambo ya bia ya Kizungu, na ya huko yangeweza kuniacha nimelala. Kilichoniamsha ni pale ndugu yetu alipomalizia kwamba kanuni yake inafaa pia kwa pombe za kienyeji, komoni, busaa na wenzake, kwamba mama zetu wanajisumbua na kimea wiki nzima wakati duka lina sukari. Hapo aliingia nyumbani kwetu na viatu.

Komoni haianzi na sukari. Inaanza na mahindi, na mahindi ni wanga. Kimea cha ulezi kwenye pipa hakikuwekwa ili kutia utamu, kimewekwa ili kuukata wanga wa mahindi. Sukari haina mkasi. Hata rojo la kopo halina, maana limepikwa kwa joto mpaka vimeng'enya vimekufa (yapo marojo maalumu yanayotengenezwa kwa joto dogo ili vibaki hai, na huandikwa hivyo kwenye kopo, lakini si ya kawaida). Kwa hiyo hata ndugu yetu angekuwa na shehena nzima ya makopo kutoka Uingereza, asingeweza kuyatia kwenye komoni mahali pa kimea akapata komoni.

Msiniamini mimi, jaribuni. Mimi nilijaribu wiki iliyopita, jikoni kwetu, nikatukanwa kwa kumaliza unga. Nilipika uji wa mahindi mzito, ule wa kusimamisha kijiko. Nikaugawa kwenye vikombe vitatu, nikaacha upoe mpaka niweze kutia kidole. Kikombe cha kwanza nikatia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi nilioununua sokoni. Cha pili kijiko cha sukari. Cha tatu kijiko cha rojo la kopo, nililopewa na jamaa mmoja mwenye kaka baharia. Nikavifunika kwa kitambaa. Baada ya saa moja kikombe cha kimea kilikuwa kimelegea, uji unamiminika kama maziwa, na ukiuonja una utamu ambao hakuna aliyeutia. Cha sukari kilikuwa kizito vilevile, kitamu tu. Cha rojo hivyohivyo, kitamu, cha kahawia, na kijiko bado kimesimama.

Hili si jambo la vilabuni peke yake. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliichunguza kazi hiyohiyo ya kimea kwa ajili ya uji wa watoto wadogo, kwa sababu uji mzito mtoto haumezi na uji wa maji haumshibishi. Kijiko cha kimea kinaulegeza uji mzito bila kupunguza chakula kilichomo. Mama zetu walikijua kimea kabla maabara hazijakijua, na wanaendelea kukitumia. Halafu mtu mwenye kalamu anakuja kuwaambia ni usumbufu.

Sasa niseme la kwangu, maana si haki kumchapa mwenzangu nikajifanya sikuwahi kutembea njia hiyo.

Shangazi alikuwa akipika komoni pembezoni mwa mji wa Iringa, anauza kilabuni kwa leseni, na wateja wake wakubwa walikuwa mafundi waashi na wabeba mizigo. Watu hao hawakuja kulewa. Walikuja mchana, wanakunywa kopo moja kubwa, wanarudi kazini. Kwao komoni ilikuwa chakula cha mchana. Mwaka niliokuwa kidato cha tatu ulezi ulipanda bei. Mimi likizoni, na kitabu changu cha kemia kwapani, nikamwambia, "Shangazi, hicho kimea cha nini? Kinachotakiwa ni sukari, hamira inaigeuza kilevi. Kitabu kinasema."

Shangazi aliishia darasa la nne. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Baba, wewe ndiye unayesoma."

Tukapika. Uji wa mahindi pipa zima, sukari, hamira ya dukani, hakuna kimea. Siku ya pili lilikuwa linatoa mapovu, nikajiona mkemia. Siku ya kuchuja chekeche likaziba. Uji haukulegea, ulikuwa umekaa chini kama saruji, juu yake maji makali yenye harufu ya hamira mbichi. Tulikamua kwa nguo mpaka mikono ikauma. Shangazi alionja, hakusema kitu, akapeleka kilabuni kwa sababu mahindi yalikuwa ya mkopo na sukari ilikuwa ya mkopo.

Mchana ule mafundi walikunywa. Jioni mzee mmoja, fundi mkuu wao, akaja mpaka nyumbani, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Mama, leo umetupa ukali mtupu. Kichwa kimeuma na tumbo halikupata kitu. Kijana wangu mmoja ameyumba kwenye ngazi." Kijana hakuanguka, Mungu mkubwa. Lakini kesho yake walikunywa kwa mwingine, na keshokutwa pia. Ilichukua zaidi ya mwezi kuwarudisha. Shule ilipofunguliwa nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nikakaa wiki tano, na wiki hizo tano nilizitumia kuloweka ulezi.

Shangazi hakunisema hata siku moja. Alichofanya ni kuniita kwenye pipa lililofuata. "Tia kidole. Unaungua?" Ninaungua. "Ngoja." Baada ya muda, "Tia tena." Nikatia, joto kali lakini linavumilika. "Sasa. Ukitia kimea kabla ya hapo unakiua. Ukichelewa sana kinalala." Mwanamke wa darasa la nne alikuwa ananifundisha kwamba vimeng'enya vinakufa kwa joto kubwa na vinakuwa vizito kwenye baridi, na kipimajoto chake ni kidole. Kitabu changu cha kemia hakikuwa na uongo. Hamira kweli hugeuza sukari kuwa kilevi. Mimi ndiye nilisoma ukurasa mmoja nikadhani nimemaliza pipa.

Sasa asije mtu akasema huyu anataka turudi enzi za babu, hataki kitu kibadilishwe. Hapana. Pombe duniani kote imekuwa ikibadilishwa, na wengine wamebadilisha kwa ustadi mkubwa. Nijeria ilipiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988. Viwanda vikubwa vya bia, vilivyozoea shayiri ya Ulaya, vikalazimika kugeukia mtama na mahindi ya nyumbani. Havikumwaga tu mtama kwenye mitambo ileile na kuomba dua. Wanga wa mtama unataka joto kubwa zaidi kuliko wa shayiri ndipo ulainike na kukatika, na mkasi wa kimea cha mtama una upungufu ukilinganisha na wa shayiri. Ikabidi wabadilishe namna ya kupika, wapike nafaka kwanza, na wengine wanunue vimeng'enya vya kiwandani kuongezea. Uganda mwaka 2002 wakatoa bia ya Eagle inayotokana na mtama wa aina ya Epuripur uliolimwa na wakulima wao wenyewe, na watu wakainywa. Huko ndiko kubadilisha ninakokuheshimu. Walibadilisha nafaka, wakabadilisha na kazi.

Na utagundua jambo: kupika nafaka kwanza, kupoza, kisha kutia kimea, hicho ndicho shangazi alichokuwa akifanya na mahindi yake. Wahandisi walifika kwa gharama mahali alipokuwa amekaa kwenye kigoda.

Kuna wengine wametangulia zaidi. Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, wanatumia mtama mwekundu mchungu ambao ndege hawaupendi. Uchungu huo unatokana na tanini, na tanini hufunga mkasi wa kimea usikate. Watu wa kule huloweka mtama huo pamoja na majivu ya kuni, na majivu yanaipunguza nguvu tanini. Aliyechukua mtama mwekundu mahali pa ulezi bila majivu atalaumu hamira bure. Vilevile mtama unapoota, machipukizi na vijizizi vyake hubeba kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana wanaojua hukausha vizuri, huvipukusa vijizizi na machipukizi, na hupika. Ulezi hauna shida hiyo. Kwa hiyo hata "kimea kwa kimea" si badala ya kufumba macho. Ulezi, mtama, mahindi, shayiri, kila kimoja kina tabia yake, na mahindi yaliyooteshwa mkasi wake ni dhaifu na kuvu huyapenda.

Kama bado mtu anaona nakuza mambo, akumbuke Chitima. Ni mji mdogo katika jimbo la Tete, Msumbiji. Januari 2015 watu walitoka mazishini wakanywa pombe ya kienyeji, ambayo nao huiita pombe kama sisi. Walikufa watu 75, na mpishi mwenyewe akiwamo. Mitaani ikavuma kwamba mtu katia nyongo ya mamba. Uchunguzi ulipofanyika haikuonekana nyongo, ilionekana sumu ya bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi. Unga ulikuwa umeharibiwa na mafuriko, hauliki tena, ukatumiwa kwenye pombe. Kupika hakukuisaidia, kwa sababu sumu ile haifi kwa moto.

Sisemi soda ya ndugu yetu itaua mtu. Sukari haiui, inaharibu pipa na kumpeleka fundi kwenye ngazi akiwa na njaa. Ninachosema ni kwamba ile fikra ya "tia chochote, yote yatachachuka" ni fikra moja, iwe imevaa suti ya chupa nne za soda au imevaa unga wa mafuriko. Kinachotofautiana ni hasara itakayokuja.

Na hapa ndipo yanapotuhusu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Kuna pombe inaitwa Chibuku, imepikwa kiwandani sehemu nyingi kusini mwa Afrika na hata hapa Dar. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kitabu. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Max Heinrich, katika nchi ambayo leo ni Zambia, miaka ya 1950, alikuwa akiandika kila mpiko kwenye daftari: ametia nini, kiasi gani, kimetokea nini. Wateja wakaiita pombe kwa jina la daftari. Mtu aliyekuja na kuikuta pombe ya wenyeji aliona ina thamani ya kuandikwa vizuri. Sisi wenyeji, wenye lugha na wenye mashangazi, tukiandika tunaandika kutoka kwenye kopo la Uingereza, na tukikosa kopo tunakimbilia dukani kununua soda.

Ni maandishi mangapi ya Kiswahili umeyaona yanayoeleza komoni hatua kwa hatua, na sababu ya kila hatua? Mimi hayajanijaa hata kiganja. Kwa hiyo aliyeandika kwanza ndiye atakayeaminiwa. Kuna kijana wa kidato cha tatu mahali fulani analo toleo lililopita mkononi sasa hivi. Likizo ikifika atamwambia shangazi yake, kimea cha nini, jarida linasema. Na shangazi atamwangalia, atasema, baba, wewe ndiye unayesoma. Watu wetu bado wanakiamini kilichopigwa chapa, na imani hiyo si ya kuchezea kwa ajili ya ujiko wa kurasa tatu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa mhariri: chapa masahihisho, mahali panapoonekana, si kule chini ya tangazo. Andika kwamba rojo kilo 1.2 hubadilishwa kwa unga wa rojo kilo 1 au kimea cha shayiri kama kilo 1.6, kwamba sukari huongezea, haishiki nafasi ya kimea chote, na kwamba kwenye komoni na busaa kimea hakibadilishwi kwa rojo wala soda wala sukari, kwa sababu kazi yake pale ni kukata wanga. Kwa ndugu yetu mwandishi: kalamu unayo, sikunyang'anyi. Panda daladala, nenda kilabu chochote, msalimie mama anayepika, shikamoo kwanza, halafu omba ukae karibu na pipa kuanzia siku ya kuloweka mpaka siku ya kuchuja. Usimfundishe. Ukirudi tuandikie upya, nami nitakuwa wa kwanza kukusoma.

Ombi la tatu ni kwa wasomaji. Fanyeni lile jaribio la vikombe vitatu. Kama uji wa kikombe cha sukari utalegea kama wa kimea, niandikieni hapahapa na nitakula maneno yangu hadharani. Shangazi amezeeka sasa, hapiki tena, lakini nilipomsomea makala ile kwa simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Huyo kijana ana mtu wa kumlipia ada?"

Naomba kutoa hoja.